Falaki ya Kiislamu ndani ya Kisanskriti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanajimu wa Kisanskriti walichukua nini hasa kutoka kwa Waislamu?

Walichukua vyombo, majedwali na mbinu za hesabu, na kwa sehemu kubwa hawakubishana navyo. Astrolabu iliingia mwaka 1370. Majedwali ya Samarkand yakafuata enzi za Wamughali, na jiometri ya Euclid pamoja na falaki ya Ptolemy (wataalamu wa kale wa Kigiriki) zikaingia karne ya 18 kupitia Kiarabu. Ugomvi ulizuka kwenye mambo mengine: mbingu zimeumbwa vipi, longitudo ihesabiwe kuanzia wapi, na ni nani mwenye haki ya kusema kinyume cha vitabu walivyoamini vimeshushwa na Jua lenyewe.

Mbona tunasikia kwamba Waarabu ndio waliojifunza kwa Wahindi?

Ni kweli pia, na ndivyo ilivyoanza. Katika miaka ya 770, enzi za khalifa al-Mansur, elimu ya falaki ya Kihindi ilifika Baghdad na kutafsiriwa kwa jina la Sindhind. Ilitokana na mkondo wa Brahmagupta, mwanafalaki wa Kihindi aliyeandika kitabu chake kikuu mwaka 628. Ziji ya al-Khwarizmi (ziji ni kitabu cha majedwali ya falaki na maelezo ya kuyatumia) imejengwa juu ya msingi huo. Hata sini ya hesabati ina asili ya Kihindi. Kwa Kisanskriti iliitwa jya au jiva, Waarabu wakaiandika kwa herufi j-y-b, wasomaji wa baadaye wakaisoma jaib, yaani uwazi wa kanzu kifuani, na Walatini wakatafsiri maana hiyo wakapata sinus.

Safari ya kurudi ilikawia. Al-Biruni, akiandika juu ya India yapata mwaka 1030, anasema alikuwa akiwatungia Wahindi Euclid, Almagesti (kitabu cha falaki cha Ptolemy) na risala ya astrolabu kwa beti za Kisanskriti. Hakuna hata moja iliyotufikia.

Kitabu cha kwanza kilichobaki ni kipi?

Ni Yantraraja, yaani mfalme wa vyombo. Kiliandikwa na Mahendra Suri, mtawa wa Kijaini katika baraza la Sultani Firuz Shah Tughluq wa Delhi, mwaka 1292 wa Shaka (kalenda ya Kihindi), ambao ni 1370. Kina sura tano: hesabu, sehemu za chombo, uchoraji wake, ukaguzi, na matumizi. Mwanafunzi wake Malayendu Suri alikiandikia sherehe (maelezo ya kukifafanua), na bila sherehe hiyo beti nyingi hazifunguki, kwa sababu beti la Kisanskriti hubana maneno kama kamba ya jahazi.

Mahendra hafichi chanzo chake. Anasema elimu hii ni ya Wayavana, neno la kale la Wagiriki ambalo kufikia wakati huo lilikuwa la Waislamu, na kwamba ameichota baharini mwao kama asali ya peponi. Tunaona hapo kwamba mtawa wa Kijaini hakuona aibu kusifu chombo cha wageni, na kwa kweli hakuna aliyemshambulia kwa hilo. Miongo michache baadaye Padmanabha (1423) na Ramachandra (1428) nao wakaandika kuhusu astrolabu. Padmanabha alieleza ile ya kusini, ambayo mchoro wake hutupwa kutokea ncha ya kaskazini ya mbingu.

Astrolabu ya Kisanskriti ina sehemu gani, na saa inasomwaje?

Sehemu ni zilezile za astrolabu ya Kiislamu zikiwa na majina mapya. Sahani zinazobadilishwa kulingana na latitudo ya mji huitwa akshapatra. Kimia cha juu chenye ncha za nyota, ambacho Waarabu hukiita ankabuti (buibui), kinaitwa bhapatra, yaani bamba la nyota. Nyuma kuna mkono wa kulengea unaozunguka.

Kusoma saa mchana:

1. Ning'iniza chombo kwa pete yake, kiachwe kitulie. Geuza mkono wa nyuma hadi mwale wa jua upite kwenye matundu yote mawili. Usilitazame jua kwa jicho. Tazama doa la mwanga likiangukia tundu la pili. Soma kimo cha jua kwa nyuzi.
2. Tafuta jua liko nyuzi ngapi katika buruji siku hiyo.
3. Tia sahani ya latitudo ya mji wako. Zungusha bhapatra hadi nyuzi ile ya jua iguse duara la kimo ulichopima: upande wa mashariki ikiwa ni kabla ya adhuhuri, magharibi ikiwa ni baada yake.
4. Tia alama ukingoni, kisha zungusha tena hadi nyuzi ileile ya jua ifike kwenye upeo wa mashariki. Mzunguko kati ya alama hizo mbili ni muda uliopita tangu macheo. Nyuzi 6 ni ghati moja, na siku nzima ina ghati 60, kila moja dakika 24.

Makosa yanatokea hatua ya pili zaidi kuliko kwingine kote. Bhapatra imechorwa kwa longitudo ya kitropiki, inayohesabiwa kutoka nukta ambapo jua huvuka ikweta mwezi Machi. Almanaka ya Kihindi hutoa longitudo inayohesabiwa kutoka nyota. Kwa kanuni ya Kihindi inayoanzia mwaka 499 na kuongeza sekunde 54 za pembe kwa mwaka, tofauti mwaka 1370 ilikuwa nyuzi 13. Atakayesahau kuziongeza atakuwa ameweka jua mahali lilipokuwa wiki mbili kasoro siku moja nyuma. Karibu na Desemba au Juni kosa ni dogo, kwa kuwa kimo cha jua hubadilika polepole. Machi na Septemba saa inapotoka vibaya.

Namba 3438, 60 na 3600 ni za nini?

Ni nusu kipenyo cha duara linalotumika kutengeneza jedwali la sini. Sini ya siku hizi huwa sehemu ya 1. Ya zamani ilikuwa urefu wa mstari ndani ya duara, kwa hiyo ni lazima ujue ukubwa wa duara lenyewe.

Wahindi walipenda 3438, kwa sababu mzingo wa dakika 21,600 za pembe ukigawanywa kwa mara mbili ya pai unatoa takriban nusu kipenyo hicho. Waislamu walifuata 60 ya Ptolemy, inayokubaliana na hesabu za msingi wa sitini. Mahendra alitumia 3600. Sini ya nyuzi 30 kwa hiyo inaandikwa 1719, au 30, au 1800, na zote ni nusu ileile. Ukikuta jedwali lisilo na maelezo, angalia thamani ya nyuzi 90: hiyo ndiyo nusu kipenyo. Munishvara wa Varanasi, kwa mfano, alitumia 191.

Mabadiliko makubwa yalikuwa kwenye msongamano wa jedwali. Jedwali la kimapokeo lilikuwa na mistari 24, kila baada ya nyuzi 3 dakika 45, na katikati yake ilibidi ukadirie. Kazi ya Ulugh Beg huko Samarkand, iliyokamilika 1437, ilitoa sini kwa kila dakika ya pembe. Ili kulifikia hilo ilibidi kwanza kupata sini ya nyuzi 1 kwa usahihi mkubwa, na al-Kashi aliipata kwa kutatua mlinganyo wa kipeo cha tatu kwa kurudiarudia: kwa nusu kipenyo cha 60, thamani ni 1;2,49,43,11 na kuendelea (namba zinazofuata nukta-mkato ni sehemu za sitini, kisha sitini ya sitini, na kadhalika). Kamalakara, naye wa Varanasi, aliziingiza mbinu za aina hii katika Kisanskriti mwaka 1658.

Nyuzi 24 au nyuzi 23 na nusu? Na nusu nyuzi ina uzito gani?

Mwinamo wa njia ya jua katika vitabu vya Kisanskriti ulikuwa 24 kamili. Al-Battani, mwanafalaki wa Kiarabu, alipata 23;35 (nyuzi 23 dakika 35), ambayo ndiyo aliyoitumia Mahendra. Ulugh Beg alipata 23;30,17, na Jai Singh wa Jaipur karne tatu baadaye akapima 23;28.

Watu huuliza iweje kosa la nusu nyuzi lidumu miaka elfu. Jibu liko kwenye kijiti cha kivuli. Kijiti cha kawaida kilikuwa na urefu wa angula 12 (angula ni upana wa kidole). Chukua Delhi, latitudo 28;39. Adhuhuri ya Juni, kivuli kwa mwinamo wa 24 ni angula 0.98; kwa 23;30 ni angula 1.08. Tofauti ni sehemu ya kumi ya upana wa kidole, na ukingo wa kivuli wenyewe una ukungu kuliko hapo. Desemba tofauti ni kubwa kidogo, 15.72 dhidi ya 15.44, lakini mtu anayeamini 24 atasema ardhi haikusawazishwa. Kosa hilo halionekani mpaka upate chombo kikubwa.

Nityananda alifanya nini, na kwa nini anatajwa sana?

Kwa sababu alijaribu njia mbili tofauti, na kuzilinganisha kunafundisha zaidi kuliko kitabu kingine chochote cha mkondo huu.

Mulla Farid wa Delhi alitunga kwa Kiajemi ziji ya Shah Jahan, iliyosimama juu ya ile ya Ulugh Beg. Waziri Asaf Khan akamwagiza Nityananda aitafsiri kwa Kisanskriti. Matokeo ni Siddhantasindhu, kazi ya mwanzoni mwa miaka ya 1630, furushi zito la majedwali na maelekezo. Kama tafsiri ni kazi ya uaminifu. Lakini haina umbo la siddhanta (kitabu kamili cha falaki ya Kihindi) ambalo pandit, yaani msomi wa Kisanskriti, alizoea: haianzi na umri wa ulimwengu, haina mizunguko ya sayari katika kalpa (kipindi kikuu cha ulimwengu), haina mjadala.

Mwaka 1639 akatoa Sarvasiddhantaraja. Humo vigezo vya Samarkand vimevalishwa kanzu ya Kihindi. Mwendo wa kila sayari umegeuzwa kuwa idadi kamili ya mizunguko katika kalpa ya miaka 4,320,000,000, na maelezo yote yako katika beti. Hoja yake ya kidini ni ya kijanja: katika baadhi ya nakala za Suryasiddhanta, kitabu kilichoaminiwa kushushwa na Jua, kuna aya ambamo Jua linasema kwamba kwa laana ya Brahma litazaliwa katika mji wa Romaka kwa sura ya mgeni, na huko litafundisha. Basi, anasema Nityananda, elimu ya Wayavana ni ya Jua lilelile. Huna haja ya kuiona ya kigeni.

Pandit wengi hawakushawishika. Tatizo halikuwa hesabu. Nityananda alishikilia longitudo ya kitropiki, na ukiikubali hiyo unagusa sikukuu, miezi na saa za ibada za watu wote.

Ugomvi wa Varanasi ulihusu nini?

Familia mbili za wanajimu, zote zenye asili ya nyanda za Deccan, zilishambuliana kwa vitabu kwa karibu miaka ishirini. Upande mmoja Munishvara, aliyemaliza Siddhantasarvabhauma mwaka 1646. Upande wa pili Kamalakara na mdogo wake Ranganatha.

Ingekuwa rahisi kusema mmoja alipenda Waislamu na mwingine aliwachukia, lakini sivyo. Munishvara alipokea baadhi ya mbinu za sini na kukataa mengine. Kamalakara anamtaja Mirza Ulugh Beg kwa jina na kuchukua jiometri yake kwa furaha, huku akisisitiza kwamba Suryasiddhanta haikosei kamwe. Ni yeye pia aliyesema kwamba nyota ya kaskazini tunayoiona haiko kwenye ncha ya mbingu, na alikuwa sahihi: wakati wake ilikuwa mbali na ncha kwa zaidi ya nyuzi 2.

Kali kuliko zote ilikuwa hoja ya mipira migumu. Falaki ya Kiislamu iliweka sayari ndani ya matabaka mango ya mbingu yanayozibeba. Ya Kihindi iliziacha zielee angani zikivutwa na upepo. Ranganatha akaandika Lohagolakhandana, kuvunja mpira wa chuma. Gadadhara, binamu wa Munishvara, akajibu kwa Lohagolasamarthana, kuutetea. Kwa hiyo mtetezi wa mbingu ngumu za Waislamu alitoka kambi ile ambayo mtu angeidhania kuwa ya wapinzani. Ukoo nao ulikuwa na neno lake.

Tajika ni nini? Mbona maneno yake yanasikika kama Kiswahili?

Tajika ni unajimu wa utabiri wa mwaka hadi mwaka uliotoka kwa Waarabu na Waajemi. Ulikuwapo kwa Kisanskriti tangu karne ya 13, na kitabu chake mashuhuri, Tajikanilakanthi cha Nilakantha, ni cha mwaka 1587, enzi za Akbar. Hapa maneno hayakutafsiriwa. Yalisagwa tu yaingie mdomoni.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati, maana mizizi anayo nyumbani. Kambula ni qabul, tunayosema kubali. Nakta ni naql, ambayo kwetu ni nakili: sayari nyepesi inahamisha nuru kutoka sayari moja hadi nyingine. Radda ni radd, sawa na rudi. Yamaya ni jam', mzizi wa jamii na jumuiya. Itthasala ni ittisal, yenye mzizi mmoja na wasili. Sahama ni sahm, ambayo kwetu ni sehemu.

Matumizi yake: jua linaporudi mahali lilipokuwa ulipozaliwa, unachora ramani mpya. Munthaha (intiha) husogea buruji moja kila mwaka kutoka buruji iliyokuwa ikichomoza ulipozaliwa. Mwenye miaka 30 kamili: 30 toa 24 ni 6, kwa hiyo songa buruji sita mbele. Kama ilichomoza Hamali, munthaha iko Mizani. Itthasala hupatikana pale sayari ya kasi iko nyuma ya ile ya polepole kwa nyuzi chache, mathalani Mwezi nyuzi 10 na Mshtarii nyuzi 14. Ukishaipita, ni isarapha, yaani insiraf. Kilichokuwa kigeni kwa Wahindi ni kuhesabu nyuzi; wao walizoea buruji nzima kuitazama buruji nzima.

Jai Singh alijenga majengo makubwa ya nini wakati darubini ilikuwapo?

Sawai Jai Singh (1688–1743), mtawala wa Amber aliyeanzisha Jaipur mwaka 1727, alianza na vyombo vya shaba kama vya Samarkand. Dibaji ya ziji yake, Zij-i Muhammad Shahi, inataja kasoro zake waziwazi: ni vidogo mno kugawanywa kwa dakika, ekseli zinatikisika na kulika, vitovu vya duara vinahama, nyuso zinapinda. Akaamua kujenga kwa mawe na chokaa Delhi, Jaipur, Mathura, Varanasi na Ujjain.

Samrat Yantra ya Jaipur ina urefu wa mita 27 hivi, na tao lake lina nusu kipenyo cha karibu mita 15, hivyo kivuli hutembea takriban milimita moja kila sekunde. Tatizo ni upana wa jua. Kwa umbali wa mita 15, nusu nyuzi ya jua hutoa kivulivuli cha karibu sentimita 14, na usomaji wa sekunde moja moja kwa jicho tupu hauwezekani. Ndani yake mna chumba cha giza chenye tao la nyuzi 60, Shashthamsha Yantra, mrithi wa chombo cha al-Khujandi cha mwaka 994 huko Rayy. Picha ya jua hupenya tunduni ikadondoka kwenye tao kama sarafu yenye ukingo safi, na hicho ndicho chombo bora cha jengo zima.

Ujumbe wake kwenda Ureno ulirudi na majedwali ya de La Hire. Walipoyajaribu waliona mwezi umekosewa kwa nusu nyuzi, wakabaki na njia yao. Dunia ikaendelea kukaa katikati.

Na tafsiri za Jaipur?

Jagannatha alitafsiri Euclid kwa jina la Rekhaganita, vitabu 15, na Almagesti kwa jina la Samratsiddhanta mwaka 1732. Zote mbili zilitoka kwenye matoleo ya Kiarabu ya Nasir al-Din al-Tusi. Nayanasukha, akisaidiwa na Muhammad Abid aliyemfafanulia Kiarabu, mwaka 1729 alitafsiri Ukara, jiometri ya tufe ya Theodosius. Alitafsiri pia sura ya sherehe ya al-Birjandi inayoeleza jozi ya Tusi: duara dogo likiviringika ndani ya duara lenye kipenyo mara mbili yake, nukta ya ukingoni mwa lile dogo huenda na kurudi kwenye mstari ulionyooka.

Falaki ya Kerala, kusini mwa India, nayo ilitoka kwa Waislamu?

Hakuna maandishi yanayoonyesha hivyo. Marekebisho ya Nilakantha Somayaji kuhusu Utaridi na Zuhura, mwaka 1500, yanaeleweka kutokana na mkondo wa Aryabhata, mwanafalaki wa kale wa Kihindi, na msamiati wake hauna alama za Kiarabu. Usimchanganye na Nilakantha wa Tajika.

Nikiwa na hati ya Kisanskriti mkononi, nitajuaje kama ina chanzo cha Kiislamu?

Anza na tarehe. Kupata mwaka wa kawaida, mwaka wa Shaka ongeza 78; wa Vikrama (kalenda nyingine ya Kihindi) toa 57, wakati mwingine 56. Kama hati inabadilisha Hijria kuwa siku za Kaliyuga (zama ya sasa katika hesabu ya Kihindi), tafuta namba 1,359,973: ndizo siku kutoka mwanzo wa Kaliyuga hadi tarehe 15 Julai 622, mwanzo wa Hijria.

Halafu tazama vigezo: mwinamo usio 24, nusu kipenyo cha 60, nyota zinazosogea nyuzi moja kwa miaka 70.

Angalia pia makosa ya majedwali. Namba za Kiarabu ziliandikwa kwa herufi za abjadi, ambamo jim ni 3 na ha ni 8, na tofauti yake ni nukta tu. Nun ni 50 na ya ni 10, nazo katikati ya neno hutofautiana kwa nukta vilevile. Jedwali la Kidevanagari (mwandiko wa Kisanskriti) lenye 18 mahali panapodai 13, au 58 badala ya 53, lina uwezekano mkubwa wa kuwa limepitia kwa mnakili aliyesoma Kiarabu kisicho na nukta. Mnakili wa Kidevanagari tupu hakosei hivyo. Yeye huruka mstari. Kukagua, toa kila thamani kutoka kwa inayofuata: tofauti zinapaswa kupanda au kushuka taratibu, na pale zinaporuka kwa 5 au 40 kisha zikarudi, umelipata kosa.

Mwisho, soma herufi za michoro. Mwandishi wa Kisanskriti akiachwa peke yake angeanza na ka, kha, ga. Katika Rekhaganita pembe za maumbo zimeandikwa a, ba, ja, da: alifu, be, jimu, dali.